Skin Alifika Kitambo

June 2019, rapper Stormzy alipanda steji kuu ya tamasha ya Glastonbury kule Uingereza akiwa amevaa vesti ya kuzuia kisu, kazi ya Banksy, yule mchoraji wa kuta, bendera ya nchi yao imechorwa kifuani kwa rangi nyeusi. Shoo ilikuwa noma, hiyo hakuna mtu anabisha. Lakini kando ya shoo kulikuwa na story ingine inasambaa: ati huyu ndio msanii mweusi wa kwanza wa Uingereza kufunga hiyo steji. Stormzy mwenyewe aliamini hiyo kitu, na akaisema.

Alafu mathe mmoja wa miaka 51, kipara safi, akaingia Instagram. Hakutusi mtu. Alimwambia tu pole kijana, sisi tulifika hapo 1999, alafu akampongeza na roho safi. Stormzy akacheki, akaona ameteleza, akaomba msamaha mbele ya watu. Hakukuwa na beef, hakukuwa na diss track. Mambo ikaisha kiungwana, kitu ambayo huonangi sana siku hizi.

Mi sina noma na Stormzy. Hiyo 1999 alikuwa mtoi wa miaka 5, angejulia wapi? Noma yangu iko na magazeti, maredio, na wale wasee wote wa muziki wenye wako na rekodi za hiyo tamasha kwa faili. Mlimsahau aje dem mweusi mwenye kichwa kipara, sauti ya kuvunja vioo, mwenye alisimama mbele ya watu kama laki moja akawapelekesha? Huyo si mtu wa kupotea kwa umati.

Jina lake la kuzaliwa ni Deborah Anne Dyer. Alizaliwa Brixton, London ya kusini, tarehe 3 Agosti 1967, wazazi wakiwa Wajamaika. Akiwa mtoi alikuwa amekonda vibaya, wakamwita Skinny, baadaye ikakatwa ikabaki Skin. Na si unajua, jina ukipewa mtaani huwezi rudisha.

Brixton hiyo time ilikuwa mtaa wa wasee wa Karibi. Baada ya vita ya pili ya dunia Uingereza ilikosa watu wa kufanya kazi kwa mabasi, treni na hospitali, ikaita watu kutoka koloni zake. Watu wakakam, wakapewa shifti za usiku na keja mbovu. Babu yake Skin alikuwa anaendesha klabu kwa basement ya nyumba, so bass ya reggae haikuwa kitu huyu dem alihitaji kutafuta mbali.

Alafu April 1981 mtaa ukawaka. Makarao walikuwa wameanzisha operesheni wakaiita Swamp 81, na kwa siku chache tu walisimamisha karibu watu elfu moja, wengi vijana weusi, kwa sheria yenye ilikuwa inamruhusu karao kukushika ju tu anakushuku. Skin alikuwa na miaka 13. Kijana yeyote wa Eastlando mwenye ashawahi kuinamishwa kando ya barabara, mifuko ikapinduliwa, akaulizwa anatoka wapi na anaenda wapi ju ya rasta zake, hii story anaijua bila kuelezwa. Mtu akikulia hapo alafu aanze kuimba, usimuulize mbona nyimbo zake ziko na hasira.

Kabla ya hiyo mic lakini, Skin alienda kusomea mambo ya kupanga ndani ya nyumba, rangi, viti, hizo vitu, huko Teesside Polytechnic, Middlesbrough, kaskazini kabisa. Ako na karatasi ya kukuchagulia pazia. Alirudi London akaingia bendi inaitwa Mama Wild, na huko ndio alikuwa na Cass, msee wa bass. Hiyo bendi ilikufa. 1994 wakaanza upya, Ace akiwa kwa gitaa na Robbie France kwa ngoma, na shoo ya kwanza wakapiga March kwa Splash Club, King's Cross. Mwaka ulifuata Mark Richardson akashika kiti cha ngoma, na mpaka leo bado ni hao wanne.

Bendi wakaiita Skunk Anansie. Anansi ni yule buibui mjanja wa hadithi za Ghana, mwenye alivushwa bahari na watumwa mpaka Jamaika, binamu wa Sungura wetu kwa kazi na kwa tabia. Skunk wakaongeza mbele ili jina linuke kidogo.

Sasa weka hiyo kwa kalenda. 1994 ndio mwaka Oasis walitoa Definitely Maybe na Blur wakatoa Parklife. Uingereza nzima ilikuwa imelewa machali wa magitaa, walami watupu, bendera kwa gitaa, bendera kwa mashati, kila gazeti linabonga vile nchi imepata sauti yake tena, wakaiita Britpop. Upande ule mwingine, ukiwa dem mweusi na uko na sauti, producers walikuwa tayari wamekuchorea njia: soul, R&B, ama uimbe ile hook tamu kwa ngoma ya dansi ya msee mwingine. Hizo ni njia poa, sizidharau. Lakini Skin alitaka gitaa zikipiga kelele na yeye akipiga kelele juu yake.

So hakukuwa na mahali pa kumweka. Redio za muziki wa watu weusi zikaskia gitaa zikasema hii si yetu. Magazeti ya rock yakaona sura yakashangaa. Ni watu wa jarida la Kerrang! wenye walishika mapema, wakawapa tuzo ya bendi mpya bora ya Uingereza 1995. Na lebo yenye iliwasaini, One Little Indian, ndio ilikuwa lebo ya Björk, so angalau hapo ndani walikuwa wamezoea dem mwenye hafanani na mwingine. Hiyo 1995 Björk mwenyewe aliwashika wakapiga na yeye Army of Me kwa shoo ya TV ya Top of the Pops, na ukicheki hiyo video utaona Björk, mtu mwenye hatishwangi na kitu, amekubali steji iwe ya watu wawili.

Ngoma yao ya kwanza kutoka iliitwa Little Baby Swastikkka, hizo K tatu ziko hapo makusudi. Skin alikuwa ameona alama ya Manazi imechorwa kwa ukuta, lakini chini sana, kimo cha mtoto. Fikiria hiyo kitu. Kuna mtu mzima mahali amemfunza mtoi kuchora chuki kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Wasanii wengi wangeandika wimbo wa huzuni hapo. Skin aliandika wimbo wa kumfuata huyo mtu mzima mpaka kwake.

Selling Jesus ikafuata, ya kuchoma wale wanauza imani kwa bei ya jumla, na director Kathryn Bigelow akawaweka ndani ya filamu yake Strange Days, wakipiga hiyo ngoma mbele ya kamera. Ukiwa Kenya, nchi yenye kila kona iko na tenti, spika na namba ya paybill, hiyo ngoma haijazeeka hata siku moja.

Albamu ya kwanza, Paranoid & Sunburnt, ilitoka 1995. Ya pili, Stoosh, 1996. Zote mbili ziliingia kumi bora za Uingereza. Ngoma ya kufungua Stoosh jina lake lenyewe ni jibu kwa wale walikuwa wanawaambia wapunguze siasa: inasema ndio, ni siasa, na wakaingiza tusi katikati ili isomeke vizuri.

Lakini ukiniuliza mi, siasa si ndio ilimfanya Skin awe mkubwa. Ni Weak. Ni Hedonism. Hizo ni ngoma za mtu amevunjwa roho, period. Kwa Weak sauti yake inaanza chini kabisa, vile unabonganga na simu usiku mathe akiwa amelala chumba ya pili, alafu bila onyo inapasuka, na ukishapasukiwa hivyo huwezi rudi kuskia wimbo wa mapenzi wa kawaida bila kuona umepunguzwa maji. Rod Stewart, mzee mzima, aliirekodi Weak upya kwa albamu yake ya 1998. Mlami wa miaka hamsini na kitu anaimba uchungu wa dem wa Brixton. Hiyo kwangu ni tuzo kubwa kuliko Kerrang!.

Na hapo ndio watu humkosea Skin wakimuita dem wa hasira. Hasira ni rahisi, kila mtu ako nayo, hata makanga. Chenye alileta ni kuwa mkali na dhaifu kwa ngoma moja, bila kuomba ruhusa ya kuwa yote mawili. Dem mweusi akiwa mkali anaitwa mkorofi. Akilia anaambiwa ajikaze, si wewe ni strong black woman. Skin alilia na gitaa zikiwa kumi na moja juu ya kumi.

Ongeza hapo kwamba hakuwahi kuficha kwamba anapenda wanawake. Leo unaweza kuona ni kitu ndogo kwa msanii wa London, lakini hiyo miaka ya tisini huko bado walikuwa na Section 28, sheria ya 1988 yenye ilizuia serikali za mitaa kuonyesha hayo mapenzi kama kitu cha kawaida, na Uingereza yenyewe ilikuja kuifuta 2003. Mweusi, mwanamke, na hiyo tena, mbele ya umati wa machali wa rock wamelewa bia. Kila kitu walikuwa wanamwambia kitamuangusha, alipanda nacho steji.

Na huko steji manze. Skin hakai steji. Anashuka, anakanyaga watu. Si kwa mafumbo, anatembea juu ya mikono na mabega ya umati, buti na kila kitu, mic kwa mkono, na hakosi noti. Mashabiki wanamshika miguu wakimpitisha. Alianza hiyo kitu akiwa na miaka ishirini na kitu, na amepita hamsini bado anaifanya.

Sasa tukuje kwa ile usiku. Glastonbury ni shamba la ng'ombe wa maziwa, Worthy Farm, huko Somerset. Mwenye shamba, Michael Eavis, alianza tamasha 1970, kuingia ilikuwa pauni moja na unapewa maziwa bure. Kufikia 1999 ilikuwa imekuwa ndio tamasha ya kutambulikia. Ijumaa ilifungwa na R.E.M., kutoka Marekani. Jumamosi Manic Street Preachers, kutoka Wales. Jumapili tarehe 27 June, ile slot ya mwisho kabisa, Glastonbury ya mwisho ya miaka ya tisini, wakapewa Skunk Anansie.

Kuna wajuaji watakuja kukuambia ati bendi ya Prodigy walifunga steji kuu 1997 na Maxim wao ni mweusi. Sawa wajuaji, pointi imechukuliwa, Maxim apewe maua yake. Lakini bendi yenye mtu wa mbele, sauti ya mbele, sura ya mbele ni mwanamke mweusi wa Uingereza, haikuwa imewahi. Kwa kulinganisha tu, Beyoncé alikuja kufunga hiyo steji 2011, miaka 12 baadaye, na ulimwengu ukasimama.

Mbona ya Skin haikukaa kwa kichwa ya watu? Mi naona ni ile kitu ya mwanzo, ya kukosa mahali pa kumweka. Historia ya muziki inaandikwa kwa mafungu. Kuna kitabu cha Britpop, hayuko ju hakuwa Britpop. Kuna kitabu cha muziki wa watu weusi wa Uingereza, kinaanza na reggae, kinapita jungle, garage, kinaishia grime, na mwenye gitaa hana kurasa. Kuna kitabu cha madem wa rock, kimejaa Wamarekani. Kila mwandishi alidhani mwenzake amemuandika. Alafu bendi yenyewe ikasaidia kusahaulika: baada ya Post Orgasmic Chill, albamu ya 1999, walivunjika 2001. Ukiishia hapo kabla ya YouTube, kabla ya kila mtu kuwa na kamera kwa mfuko, unaweza futika kweli.

Miaka ya katikati nitapita mbio. Skin alitoa albamu mbili peke yake, Fleshwounds 2003 na Fake Chemical State 2006, ziko poa bila kushtua. Hata kabla bendi ivunjike alikuwa ashapiga kazi na Tony Iommi wa Black Sabbath. Alianza kuchapa techno akiwa DJ. 2009 bendi ikarudi, albamu zikaanza kutoka tena, na Italia, penye wanampenda kichizi, wakamkalisha kwa kiti cha majaji wa X Factor 2015, akawa mathe wa rock anafunza watoi wa Milano kuimba.

2020 alitoa kitabu cha maisha yake, It Takes Blood and Guts, ameandika na Lucy O'Brien. Hapo sasa alichoka kungoja waandishi, akajiandika. 2021 akapewa nishani ya OBE kwa kazi ya muziki, na mwaka huo huo akawa chansela wa Leeds Beckett University. Fikiria umehitimu, umevaa gauni, wazazi wamekuja na maua, alafu mwenye anakupokea pale mbele ni Skin. Mi ningerudia mwaka makusudi ili nipite mara mbili.

Na May 2025 wakatoa The Painful Truth, albamu ya kwanza ya studio kwa miaka tisa, producer akiwa Dave Sitek wa bendi ya TV on the Radio. Wasee wengi wakirudi na umri huo wanarudi kupiga zile ngoma za zamani kwa harusi za matajiri. Hawa wamerudi na synths, na ngoma inaitwa An Artist Is an Artist, yenye inachapa mtu yeyote anadhani msanii ako na tarehe ya kuexpire.

Ushawishi wake wa ukweli lakini, ukitaka kuuona, usiangalie tuzo. Cheki Nova Twins. Madem wawili wa London, Amy Love na Georgia South, bass inanguruma kama imekasirishwa, luku za kujishonea wenyewe. 2020 waliandikia MOBO, zile tuzo za muziki wenye asili ya watu weusi, barua ya wazi wakidai rock na alternative zipewe nafasi. 2022 MOBO wakaongeza kategoria ya alternative, na mwaka huo huo albamu yao Supernova ikaingia kwa orodha ya tuzo ya Mercury Prize. Ile nafasi yenye ilikosekana wakati wa Skin, wamejenga wao. Na rock, hebu tusisahau, ni muziki wenye asili ya watu weusi. Sister Rosetta Tharpe alikuwa anachapa gitaa ya umeme kanisani na kwa klabu kabla Elvis hajajua kunyoa ndevu. Kuna dem mweusi hapo mwanzo kabisa wa hii story yote.

Hii ndio sababu mi huchoka na ule mjadala wa Nai, wenye haukosi kila mtu akivaa t-shirt nyeusi ya bendi: ati rock ni ya walami, ati ni ya watoi wa Lavi na Karen, ati ni ya shetani. Zambia walikuwa wanachapa rock yao wenyewe miaka ya sabini, bendi ya WITCH ikijaza kumbi Lusaka na Kitwe. Hapa kwetu Duma walitoka 2020 na albamu moja ya kelele ya kutisha, ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege ya Kampala, na majarida ya Ulaya yakaanza kutuuliza Nairobi kunaendaje. Wakati hao machali walikuwa wanapata maua, nikaanza kuangalia kama kuna dem wa hizi sides anapewa hiyo mic. Wako. Wako Rongai, wako Umoja, wako Kayole, wananyoa kipara na wembe ya mbao, wanaazima gitaa ya kanisa, wanaambiwa nyumbani hiyo si sauti ya msichana wa kuolewa.

Organaiza akiwaambia hakuna slot ya huo muziki, mwonyesheni hiyo tarehe ya 27 June 1999. Na we mwenye unasoma hii na hujawahi kumskia Skin hata siku moja, anza na Weak, enda Hedonism, alafu uchape Stoosh yote kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kuruka ngoma. Weka volume juu. Majirani watazoea.